Hali ikibadilika, kaeni mgawane kazi upya

Wanandoa wakianza maisha, kazi za nyumbani hujigawa zenyewe bila kikao. Nilipoolewa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, na mume wangu alikuwa dereva wa lori, leo yuko njia ya Arusha, kesho yuko Horohoro. Kupika, kufua, kujaza madumu bomba likikatika, vyote vikawa vyangu, na havikunielemea kwa sababu nyumba ilikuwa ndogo na mara nyingi nilikuwa peke yangu. Yeye akiwa mjini, sokoni alikwenda mwenyewe. Kwetu pwani mwanamume kushika kikapu kwenda Mgandini, au kuteremka Deep Sea asubuhi kununua samaki, si jambo la kushangaza mtu, na hadi leo jodari mzuri anamjua kunishinda.

Mpango ule ulitufaa. Ninachotaka kukushauri ni kwamba mpango wa kazi unafaa kwa hali yake tu, na hali ikigeuka lazima mkae mzungumze tena, kwa maneno, bila kungoja mmoja achoke mpaka agombane kwa ajili ya sufuria chafu.

Mahali ambapo nyumba nyingi hukwama ni mtoto wa kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapata angalau siku 3, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Hebu zitazame namba hizo. Baba anarudi kazini hata kitovu cha mtoto hakijadondoka. Mama yuko nyumbani, na kwa kuwa yuko nyumbani kila kitu kinamfuata yeye: nepi, kliniki, wageni wanaokuja kumwona mtoto, chakula cha usiku, hata zile kazi chache alizokuwa akifanya mwenzake. Hakuna aliyemwonea mwenziwe. Kisha siku ya 85 mama anavaa viatu vya kazini, na kazi zote za likizo bado ziko mikononi mwake, kwa sababu nyumba nzima imeshazizoea pale.

Kwa hiyo zungumzeni kabla likizo haijaisha, wakati bado unaweza kuongea bila machozi. Sisi tulikaa baada ya swala ya Isha, mtoto amelala, tukachukua daftari na kuandika kila kazi ya nyumba ile. Nilimwomba tuandike pia zile ambazo hazionekani kwa macho: nani anakumbuka kwamba gesi inakaribia kuisha, nani anajua tarehe ya kliniki, nani anaangalia umeme wa LUKU umebaki kiasi gani kabla giza halijaingia. Orodha ilimshtua. Kazi za mikono alikuwa akiziona. Za kichwani hakuwa amewahi kuzihesabu, na wanaume wengi wako hivyo kwa sababu hakuna aliyewaonyesha.

Hapa ndipo ninaposhikilia sana. Ukimkabidhi mwenzako kazi, mkabidhi pamoja na kuikumbuka. Haifai yeye akune nazi, halafu wewe ndiye ubaki ukihesabu nazi zilizobaki, umwambie akanunue, na umkumbushe tena jioni. Mume wangu alichukua kufua kote, na kufua kwake kukawa na maana ya kujua sabuni imebaki kiasi gani na sare ipi inahitajika Jumatatu. Akisafiri, alifua kabla ya kuondoka. Ukishakabidhi, usirudie kazi nyuma yake. Kanga ikianikwa upande usioupenda, itakauka.

Mabadiliko ya pili yalikuwa machungu zaidi. Mwenye malori aliyauza, mume wangu akabaki nyumbani, na mshahara ukawa wangu peke yangu. Dada zangu, tafadhalini, mwanamume aliyepoteza kazi usimpe ufagio siku ileile. Atauona kama adhabu. Mpe nafasi apumue, kisha mwulize yeye ni kipi angependa kukibeba. Wangu alichagua asubuhi yote: uji wa mtoto, kumpeleka chekechea kwa baiskeli, na chakula cha mchana. Kuchuja tui alijifunza kwangu, na wali wake wa nazi sasa ndio anaouomba mtoto.

Wakati huo nililinda ulimi wangu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Wanawake tunalitaja shauri hilo kwa fahari, na tuna haki. Basi kama jiko langu lilikuwa mchango alipokuwa akileta hela yeye, na jiko lake ni mchango ninapoleta mimi. Neno "mimi ndiye ninayekulisha" lisitoke kinywani mwa mtu yeyote katika nyumba hiyo.

Majirani watasema. Mtaani kwetu Makorora walisema nimemlisha limbwata. Mavyaa alipokuja kututembelea akamkuta mwanawe anaosha vyombo, uso ukambadilika. Sikujibu mimi. Tulikuwa tumekubaliana kwamba kila mmoja atazungumza na watu wake, nami nakuhimiza mfanye hivyo, kwa sababu neno la mke kwa mavyaa huweza kuvunja kile ambacho neno la mtoto kwa mamake hukituliza. Alimwambia, "Mama, mtoto ni wangu na nyumba ni yangu." Kisha akamkumbusha mawaidha anayoyajua vizuri, kwamba Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alisema alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Mavyaa alikaa kimya muda mrefu. Kesho yake alimfundisha kupika mchuzi wa papa.

Kuhusu dada wa kazi, mkimudu mwekeni na mmlipe kwa wakati. Ila mkumbuke kwamba kumwelekeza, kumpangia siku ya kupumzika na kumuuguza akiumwa nako ni kazi, nayo iandikwe jina la mtu.

Sasa mume wangu amepata kazi bandarini, ya zamu, na daftari tumelifungua tena. Mgawo wa "Jumatatu wewe, Jumanne mimi" haufai kabisa kwa mtu wa zamu, kwani wiki hii anatoka asubuhi na wiki ijayo anarudi alfajiri akiwa hoi. Tumegawa kwa hali badala ya siku: aliyepo nyumbani alasiri anapika na kumpeleka mtoto madrasa, anayetoka zamu ya usiku haguswi mpaka adhuhuri, na kufua kumebaki kwake. Zamu ikibadilishwa ghafla, anayebadilishiwa ndiye anayesema, mwenzake asilazimike kubahatisha.

Ramadhani inakuja, na huo ni mzigo wa peke yake, maana muhogo wa nazi, tambi na kaimati vyote vinataka mikono saa moja kabla ya magharibi, na nami natoka shule nimefunga. Tumeshakubaliana. Akiwa zamu ya mchana, futari itakuwa uji, tende na kitu kimoja cha kupika, basi, hata tukiwa na wageni. Daku amelichukua yeye, isipokuwa akiwa zamu ya usiku.