Nimechota akiba ya ada za watoto kulitengeneza gari la ndoto yangu

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 41, nina mke na watoto wawili. Mwaka jana nilinunua BMW M5 ya 2006, ile yenye injini ya V10, yaani silinda 10 zilizopangwa kwa umbo la V, gari nililolitamani tangu nikiwa chuoni. Nililipata kwa bei ya gari dogo la kawaida. Tangu hapo nimeshabadilisha pampu ya giaboksi na mota zinazofungua hewa ya injini, na pesa zilipopelea nikachota kwenye akiba ya ada za watoto. Mke wangu hajui. Wiki hii fundi ameniambia beringi za konrodi zibadilishwe kabla injini haijafa, na gharama aliyonitajia ni kubwa. Mke wangu anaamini gari liko gereji kwa sevisi tu. Rafiki yangu ananishauri niliuze kimya kimya kwa mtu asiyejua. Nalipenda gari hili, Shangazi, lakini usingizi umekata. Nifanye nini?
Silali

Marahaba, mwanangu.

Katika barua yako yote, sentensi moja fupi ndiyo nzito kuliko zote: mke wangu hajui. Kabla hujamjibu fundi, kabla hujaagiza spea hata moja, mwambie. Mwambie leo, usingoje mpaka upate pesa za kurudishia. Nahisi ulivyopanga moyoni: kwanza niirudishe akiba, halafu nitamwambia mambo yakiwa yameshatulia. Mpango huo unawazamisha wengi, maana gari kama lako halitoi nafasi ya kupumua. Bili ya pili hufika ya kwanza ikiwa bado inauma.

Nitakuja kwenye namna ya kumwambia. Lakini kwanza ulielewe gari ulilonalo, kwa sababu usipolielewa utampa mkeo nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki itakuja na bili nyingine.

M5 ya kizazi chako, wanayoiita E60, ilikuwa sokoni kuanzia 2005 hadi 2010. Injini yake ni ya lita 5, silinda 10, nguvu ya farasi 507, na huzunguka hadi mara 8,250 kwa dakika. Ilipotoka, magari ya Formula One nayo yalikuwa bado yanatumia V10, na BMW walikuwa miongoni mwa watengenezaji wake. Walichukua fikra ile ya mbio wakaiweka ndani ya sedani ya milango minne, yenye viti vya ngozi na buti la kutosha mizigo ya familia. Naelewa kwa nini kijana wa chuo aliitamani, na sitakuambia kwamba gari ni chuma tu. Watu wenye akili timamu wamezipenda mashine hizi, na kupenda kazi iliyofanywa kwa ustadi wa kiwango kile si upungufu wa akili.

Ila angalia kilichotokea baada ya hapo. Kwa miaka mingi bei ya kulinunua ilishuka. Gharama ya kulitunza haikushuka pamoja nayo. Pampu ya giaboksi haina habari kwamba wewe ulilipa bei ya gari dogo. Yenyewe ni pampu ya gari la kifahari, na inauzwa hivyo. Oili yake ni ya 10W-60, aina nzito, na sevisi moja inataka zaidi ya lita 9, wakati gari dogo la kawaida hutosheka na lita 4 hivi. Matairi ya nyuma yana upana wa milimita 285. Kwa vipimo vya kiwandani vyenyewe hunywa zaidi ya lita 14 za petroli kwa kilomita 100, na hapo hujalikanyaga. Wazee walisema rahisi ghali, na sijui kama kuna kitu kinachouthibitisha usemi huo kuliko sedani ya kifahari ya mkono wa pili. Siku ya kununua unalipa kama watu wengine. Siku zote zinazofuata unalihudumia gari la tajiri.

Wanaodumu nayo kwa furaha ni wale wanaohesabu bei ya kununua kama malipo ya kwanza tu. Wana mfuko wake pembeni tangu siku ya kwanza, wenye pesa za tengenezo moja kubwa, na hauguswi kwa kazi nyingine. Wewe, nahisi, ulilinunua kwa pesa zote ulizokuwa nazo. Shida ilianzia hapo, na pampu ilipokufa, mfuko uliokuwa karibu ukawa wa watoto.

Sasa beringi. Fundi wako hakutishi bure. Konrodi ni ule mkono unaounganisha pistoni na krenkishafti, yaani mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini. Mahali mkono unapoishika krenkishafti pana beringi nyembamba, vipande viwili vya nusu duara, na katikati hupita utando wa oili. Utando huo ukiwepo, chuma na chuma havigusani. Kwenye injini hii nafasi ya oili ni finyu na oili yenyewe ni nzito, na mafundi wengi wanaoijua wanaamini hicho ndicho chanzo cha beringi zake kulika mapema. Injini ikikanyagwa ingali baridi, mambo huwa mabaya zaidi. Konrodi ziko 10, kwa hiyo ni vipande 20. Vikiisha kabisa, injini huanza kugonga kwa chini, na ukishausikia mlio huo krenkishafti nayo huwa imeshachubuka. Hapo hutengenezi beringi tena, unatafuta injini. Ndiyo maana wenye magari haya wengi huzibadilisha mapema, hata kama hawajasikia chochote.

Lakini kusema kweli kuhusu gari kwa jumla si sawa na kusema kweli kuhusu gari lako. Muulize fundi amejuaje. Kuna njia za kujua. Sampuli ya oili iliyotolewa injini ikiwa na moto hupelekwa maabara, na kwa gari la 2006 kinachotafutwa humo ni risasi na shaba, maana ndizo zilizomo kwenye beringi za miaka hiyo. Zikizidi, beringi zinakwenda. Pia filta kuukuu inaweza kukatwa na karatasi yake kutandazwa kwenye mwanga. Ukiona chembe zinazometa, gari lisiwashwe tena mpaka kazi ifanyike.

Muulize pia kama ameshawahi kuifanya kazi hii kwenye injini hii hii. Hufanywa kwa chini: injini inashikiliwa kwa juu, fremu ndogo ya mbele inateremshwa, sampu, lile bakuli la oili la chini, inatolewa, na konrodi zinafikiwa moja moja. Anayekwambia lazima injini yote itoke, mwombe akueleze sababu. Boliti za konrodi hazirudishwi, zinafungwa mpya. Na mwambie tangu mwanzo kwamba beringi kuukuu unazitaka, zipangwe kwa namba za silinda. Ukiwekewa mezani utajisomea mwenyewe: palipo pazima pana rangi ya kijivu, palipolika panaonyesha shaba. Mwenye gari anayeweza kusoma hivyo vipande 20 hadanganywi kirahisi, na fundi mzuri hufurahi kuulizwa.

Mpaka matokeo ya maabara yafike, gari likae.

Ukilibakiza, badilisha namna unavyoliendesha. Kwenye mita ya mizunguko pana taa za rangi ya machungwa ambazo huanzia chini injini ikiwa baridi, kisha husogea juu kidogo kidogo oili inavyopata moto. Waliozichora hawakutaka pambo. Zinakuambia usivuke hapo, na chini yake pana kipimo cha joto la oili kinachokuambia kwa nini. Gari lenyewe likiwashwa huanza na farasi 400, wale wengine huamshwa kwa kitufe, basi kitufe kiache mpaka oili iwe tayari. Halina kijiti cha kupimia oili, kiwango husomwa kwenye skrini ya dashibodi, na injini hii hunywa oili, hivyo isome mara kwa mara. Kama giaboksi yako ni ile ya kujibadilisha ya SMG, ujue klachi yake huungua kwenye foleni ya kusogea hatua mbili mbili. Subiri nafasi ifunguke, ndipo uende.

Kuhusu rafiki yako nitasema kwa ukali kidogo. Anachokushauri ni kumtafuta mtu mwenye ndoto kama yako, pengine mwenye watoto kama wako, umuuzie injini unayojua inakufa. Huyo naye atakosa usingizi, atamficha mkewe, atachota mahali. Usifanye hivyo. Tena huna haja. Magari haya yana wapenzi wanaoyajua kasoro zake kuliko mimi na wewe, na wapo wanaonunua gari lenye beringi za kubadilisha, mradi waambiwe na bei ishuke kulingana na kazi. Stakabadhi za pampu na za zile mota ni mali, zihifadhi. Ukiongeza na majibu ya maabara, mnunuzi makini atakuamini kuliko anayemkuta muuzaji akiapa kwamba gari halina tatizo lolote.

Sasa mkeo. Kaa chini na karatasi moja. Andika bei uliyonunulia, kila tengenezo na tarehe yake, kiasi ulichochota kwa watoto, kilichobaki, na gharama aliyokutajia fundi. Kila kitu, hata yale matairi au rimu ambazo hukuniandikia lakini nina wasiwasi zipo. Mtafute wakati watoto wamelala na hakuna anayekimbilia kazini. Anza na ada. Usianze na hadithi ya chuoni, wala V10, wala kwamba gari hili siku moja bei itapanda. Sema: nimechukua pesa za ada, kiasi hiki, bila kukwambia, na nilikudanganya kuhusu gereji. Halafu mpe karatasi, unyamaze.

Atakasirika, na ana haki. Huenda akauliza kuna nini kingine usichomwambia. Jibu swali hilo kwa ukamilifu, kwa sababu jibu lako ndilo litakaloamua kama ataamini ile karatasi. Usimwombe aamue hatima ya gari usiku huo huo. Wala usimpeleke kwanza kulizungusha gari ili alainike. Kilichomdhuru ni siri, na akigundua baadaye kwamba ulimlainisha kwa makusudi utakuwa umeongeza nyingine.

Unataka kujua kama ubaki nalo. Nitakupa maoni yangu waziwazi. Mimi ningekubali ubaki nalo kwa masharti haya: ada zimerudi zote, kazi ya beringi inalipwa kwa pesa mlizo nazo, pasipo mkopo, mna usafiri mwingine wa kila siku ili M5 isiwe ndiyo inayowapeleka kazini na shuleni, na kuna mfuko wa gari unaofahamika na ninyi wawili, wenye kiwango mlichokubaliana. Sharti moja likikosekana, uza. Na kwa hali uliyoniandikia, mwanangu, naona umekosa karibu yote, kwa hiyo nadhani utaliuza. Najua itauma. Umelisubiri miaka 20.

Ipo njia ya kati, kama mkeo ataikubali: kulipaki, bila kulitengeneza, mpaka ada zirudi. Gari lililopaki nalo lina gharama. Betri yake inataka chaja ya kuitunza, matairi yanataka upepo wa kutosha, na mahali penyewe pawe pakavu. Lakini gharama hizo ni ndogo, na beringi haziliki injini ikiwa imezimwa. Jiwekeeni tarehe ya mwisho. Ikifika na pesa hazipo, liende kwa mtu atakayelitengeneza. Gari la namna hii likikaa miaka bila kuwashwa huharibika kwa njia nyingine, na utakuwa umelikosa wewe na umemkosesha mwingine.

Usiku wa leo ongea na mkeo. Kesho mpigie fundi, mwambie sampuli ya oili iende maabara na kazi nyingine isimame. Na kama mkeo ana swali, au anaona nimekupendelea kwa kukupa njia ya kati, aniandikie mwenyewe. Nitamjibu hapa hapa, na ningependa sana kusikia upande wake.

Shangazi