Karata ya Mtu Aliyetundikwa haisemi dada yako atakufa

Mkuu, umesema dada yako alisomewa karata za taroti, zile za picha za kupigia ramli, ikatoka ya Mtu Aliyetundikwa, na tangu siku hiyo halali, anaamini atakufa kwa kitanzi. Hofu hiyo naijua. Nilikuwa Milano nikingoja kibali cha ukaazi, kazi sina, siku zinapita tu. Mama mwenye nyumba akanipangia karata mezani, ikatoka hiyohiyo. Nililowa jasho. Akaniambia neno moja tu: mtazame usoni.

Mtazame na wewe. Kwenye karata alizochora Pamela Colman Smith mwaka 1909 kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, ambazo ndizo wengi wanatumia, yule mtu kafungwa mguu, si shingo. Mguu wa pili kaukunja nyuma ya ule uliofungwa, kama aliyejipumzisha. Mti una majani mabichi. Uso umetulia, kichwani ana duara la nuru kama watakatifu wa kanisani. Na karata ya Kifo ni nyingine kabisa: ni namba 13, hii ni 12.

Hofu yenyewe ina mizizi, lakini. Karata hizi zilianza Italia karne ya 15, tena kwa mchezo. Ramli ilikuja baadaye sana. (Kopa, shupaza, pau na uru tulizopokea kwa Wareno ni vikombe, panga, fimbo na dhahabu, alama zilezile za taroti!) Enzi hizo Italia msaliti alichorwa ukutani hadharani, kichwa chini miguu juu, aaibike yeye na ukoo wake. Karata hii nayo iliitwa Msaliti. Ndiyo maana naipenda: aliyetundikwa ili adharauliwe, karne nyingi baadaye akavishwa nuru.

Mimi nilielewa hivi: umekwama, na ukipapatika kamba inakaza. Nikaacha kwenda kupanga foleni kila asubuhi kuulizia kibali, nikakaa chini kujifunza Kiitaliano. Kibali kilichelewa vilevile, miezi saba, ila kilipotoka nilikwenda kuomba kazi bila mkalimani.

Kama huyo msomaji wa karata amedai hela ya kumfungua dada kamba, asitoe hata senti. Wewe muulize dada tu ni jambo gani analolingoja sasa hivi. Ningekuwa mimi ningeanzia hapo.