Jeni haitoi protini? Tazama mikunjo ya mwanzo kwanza

Nikiwa mwanafunzi nilipoteza miezi minne kwa jeni moja. Niliiingiza ndani ya bakteria wa E. coli, nikaongeza kichocheo cha kuiwasha jeni, nikashusha joto, nikabadili hata aina ya bakteria. Kila nikipitisha sampuli kwenye jeli, mstari wa protini yangu haupo.

Kichwani nilikuwa na picha ya shuleni: mRNA, nakala ya jeni inayosomwa ili kutengeneza protini, ni uzi ulionyooka, na ribosomu, mashine ya seli inayounda protini, inapita juu yake kama vidole kwenye tasbihi. Kumbe uzi huo hujikunja wenyewe. Kati ya herufi zake nne, yaani nyukliotidi, G hushikana na C, A na U, wakati mwingine hata G na U. Na tundu ambamo mRNA huingilia kwenye ribosomu hupitisha uzi mmoja tu, kwa hiyo kila kikunjo sharti kifumuliwe kwanza.

Ribosomu iliyo njiani huiweza kazi hiyo. Mwaka 2008 watafiti walizishika kwa leza ncha za RNA iliyojikunja, wakaifuatilia ribosomu moja ikifumua: inatua, inasogea nyukliotidi tatu, inatua tena. Tatizo liko mwanzoni, kabla safari haijaanza. Hapo sehemu ndogo ya ribosomu inatafuta pa kukaa, na AUG, herufi tatu zinazoashiria protini ianzie wapi, ikiwa imefichwa ndani ya kikunjo kigumu, mara nyingi inashindwa kushika.

Mwaka 2009 Grzegorz Kudla na wenzake walichapisha kazi iliyonifungua macho. Walitengeneza jeni 154 za protini ya kijani ing'aayo. Protini ni ileile, kodoni tofauti: kodoni ni herufi tatu zinazotaja asidi amino moja, na asidi amino moja huweza kuandikwa kwa kodoni zaidi ya moja. Mwangaza ulitofautiana hadi mara 250, na zaidi ya nusu ya tofauti hiyo ilielezwa na mikunjo ya karibu na AUG.

Basi kabla hujalipia jeni, chukua mwanzo wa mRNA hadi kodoni ya kumi na mbili hivi, uweke kwenye RNAfold, programu ya bure inayokadiria jinsi RNA itakavyojikunja. Nakusihi usisahau kipande kinachotoka kwenye plasmidi (DNA ya duara inayobeba jeni ndani ya bakteria), kilicho kabla ya AUG. Mimi nilikiacha mara ya kwanza, na ndicho kilichokuwa kimeshikana na jeni yangu.

Kisha badili kodoni bila kugusa asidi amino: alanini iandike GCA badala ya GCG, lisini AAA badala ya AAG. A ni salama kuliko U, kwa kuwa U bado inaweza kushikana na G. Kila ukibadili, kunja upya, maana kikunjo kimoja kikifumuka kingine huweza kuzuka pembeni. Mimi nilirudia mara sita ndipo AUG ikabaki wazi.