Jibu: Sukari kushuka saa tano ukiwa kazini

Salaam ndugu. Unasema wabeba magunia Kongowea, wadunga insulini ya kisukari alfajiri, na ikifika saa tano mikono yatetemeka na jasho la baridi lakutoka. Mimi nami natumia insulini, niko godauni Shimanzi, hali hiyo naijua.

Kwanza angalia: ukishadunga wala nini? Chai na kaimati mbili hazimtoshi mtu wa magunia. Kazi ya nguvu huchoma sukari, na joto letu hili huifanya insulini iingie mwilini haraka zaidi.

Ukihisi dalili, weka gunia chini hapo hapo, usiseme namalizia hili la mwisho. Pima sukari kwa mashine. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), kunywa nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari, au koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Subiri dakika 15, pima tena, na ikiwa bado rudia. Ikishapanda ndipo ule mkate au ndizi. Mahamri si ya wakati huo, mafuta yake huchelewesha sukari. Huna mashine karibu? Kunywa tu.

Glukosi yangu ya unga hukaa mfuko wa shati, maana begi huwa mbali kila unapolihitaji. Mwambie na mwenzako mmoja: ukizimia asikutie kitu mdomoni, akulaze ubavu na akukimbize hospitali.

Dozi siwezi kukupangia, wala usiipunguze kwa kubahatisha. Andika vipimo vya wiki nzima umpelekee daktari.