Kabla ya kuiita adenoma, uliza kuhusu kiu

Wewe unayeanza kazi kwenye kitengo cha homoni au cha upasuaji wa ubongo, utapokea mafaili mengi yaliyoandikwa "uvimbe wa pituitari", yaani wa tezi ndogo iliyo chini ya ubongo inayoongoza homoni. Mengi yatakuwa adenoma kweli, uvimbe wa tezi usio saratani. Jipu la tezi hii ni nadra mno. Huhesabiwa kuwa chini ya asilimia 1 ya matatizo yote yanayoonekana mahali hapo. Unaweza kufanya kazi miaka mingi ukalikuta mara mbili au tatu tu. Mimi nililikuta kwa mara ya kwanza likiwa limeshatobolewa, na hakuna aliyekuwa amejiandaa.

Mgonjwa alikuwa mama wa makamo. Kichwa kilimsumbua kwa miezi, macho yalianza kupoteza uoni wa pembeni, na hedhi ilikuwa imekatika. Hakuwa na homa. Picha ya MRI ilionyesha kitu cha mviringo, katikati kina majimaji, kimejaza kishimo cha mfupa ambamo tezi hukaa. Tukaandika adenoma yenye maji ndani. Siku ya upasuaji, utando ulipofunguliwa, ukatoka usaha. Kufikia hapo vipande vyote vilivyochukuliwa vilikuwa vimetumbukizwa kwenye fomalini, kama tulivyozoea kwa adenoma. Fomalini huua vijidudu, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kuotesha maabara. Tulimtibu bila kumjua adui. Macho yake yalirudi, lakini hadi leo siwezi kusema ni kijidudu gani kilichokuwa mle.

Kilichoniuma zaidi nilikikuta baadaye kwenye faili lake. Muuguzi wa zamu ya usiku alikuwa ameandika kwamba mama huyu anaamka mara sita kukojoa na haachi jagi la maji kando ya kitanda. Sisi madaktari hatukuisoma karatasi ile. Naomba uisome wewe.

Kiu na mkojo vina maana hapa kwa sababu adenoma hukua taratibu upande wa mbele wa tezi, na ni nadra sana kuvuruga homoni inayozuia mkojo kabla ya upasuaji. Maambukizi, kama ulivyo uvimbe mwingine wa kushambulia, hupiga shina linaloiunganisha tezi na ubongo, na sehemu yake ya nyuma inakotoka homoni hiyo. Kwa hiyo mgonjwa anayeletwa kwa "adenoma" huku akikojoa lita nyingi za mkojo mweupe kama maji, tayari amekuambia uifikirie upya hiyo adenoma. Hali hii ya kukojoa kupita kiasi kwa kukosa homoni hiyo, dayabetisi insipidasi, haithibitishi jipu, maana kraniofaringioma (uvimbe mwingine wa eneo hilo) na saratani iliyosambaa nazo huileta, lakini inakulazimisha kusimama.

Kuna mtego ndani yake. Figo zinahitaji kotisoli, homoni ya tezi za juu ya figo inayoamriwa na pituitari, ili zitoe maji ya ziada. Kotisoli ikiwa chini sana, mkojo hupungua, na dayabetisi insipidasi hujificha nyuma yake. Unampa mgonjwa haidrokotisoni, dawa ya kurudishia kotisoli, asubuhi, jioni wodi inakupigia simu kwamba amejaza mifuko ya mkojo na sodiamu inapanda. Dawa haijamharibu, imefunua kilichokuwepo. Pima maji yanayoingia na yanayotoka tangu dozi ya kwanza, rudia sodiamu mara kwa mara, na uwe na desmopresini, dawa mbadala ya homoni inayozuia mkojo, karibu.

Usisubiri homa. Wagonjwa wengi wa jipu hili hawana homa siku wanapofika, na chembe nyeupe za damu zinaweza kuwa za kawaida kabisa. Dalili inayoongoza ni maumivu ya kichwa. Uliza kuhusu maambukizi ya sinasi (mashimo ya hewa kuzunguka pua), homa ya uti wa mgongo, upasuaji wa zamani wa tezi, kifua kikuu nyumbani, dawa za kupunguza kinga. Ukikosa jibu lolote, bado hujaliondoa jipu: mara nyingi huanzia kwenye tezi iliyokuwa nzima na chanzo hakipatikani.

Picha nayo ina lugha yake. Ukingo unaong'aa kama pete baada ya dawa ya kuonyesha mishipa, na katikati pasipong'aa, ni ishara nzuri, lakini adenoma iliyooza au kuvuja damu huweza kufanana nayo. Omba picha za msambao wa maji: usaha mzito huzuia maji kusogea, ukaonekana mweupe. Nayo si kila mara. Angalia shina: likiwa nene, hasa pamoja na utando wa chini ya ubongo unaong'aa, fikiria kifua kikuu. Kisha shuka chini utazame sinasi ya sfenoidi, iliyo chini tu ya tezi, kwa sababu fangasi wa Aspergillus hupenda kupandia hapo.

Kwenye vipimo vya homoni, usiridhike na TSH peke yake, homoni ya pituitari inayoamrisha tezi ya shingo. Tezi iliyoumia inaweza kutoa TSH inayosomeka kawaida huku T4 huru, homoni ya tezi ya shingo yenyewe, ikiwa chini. Anayeagiza TSH tu atamwambia mgonjwa yuko salama. Prolaktini, homoni ya maziwa, iliyopanda kidogo hutokana na kubanwa kwa shina, kwa hiyo usikimbilie kuiita prolaktinoma, adenoma inayotoa homoni hiyo. Na mgonjwa aliyelegea, anayetapika, presha iko chini, chukua damu ya kotisoli kisha mpe haidrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa papo hapo. Majibu yatakukuta njiani. Levothairoksini, dawa ya kurudishia T4, huja baada ya haidrokotisoni, kamwe si kabla, kwa sababu huharakisha matumizi ya kotisoli ambayo mgonjwa hana.

Sasa upasuaji. Njia ni ya puani, kupitia sfenoidi, na lengo ni kukamua usaha na kupata sampuli bila kuchana utando unaozuia maji ya ubongo. Jana yake piga simu maabara mwenyewe. Gawa sampuli mbichi: ya bakteria wa kawaida na wasiohitaji oksijeni, ya kifua kikuu pamoja na kipimo cha vinasaba, ya fangasi, kinachobaki ndicho kiende kwenye fomalini. Hata ukifanya yote haya, sehemu kubwa ya sampuli hazioteshi kitu, hasa mgonjwa akiwa ameshapewa antibiotiki. Kama ametulia, hana dalili za utando wa ubongo wala macho hayaporomoki, ni halali kusubiri usaha upatikane ndipo uanze dawa. Akiwa na homa ya uti wa mgongo au sepsisi (maambukizi yanayotishia uhai mwili mzima), anza saa hiyo hiyo.

Mwanzoni wengi tunatumia vankomaisini, seftriaksoni na metronidazoli kwa pamoja, kisha tunapunguza kulingana na majibu ya maabara. Kwa kawaida dawa huendelea wiki 4 hadi 6 kwenye mshipa, wakati mwingine zaidi. Kifua kikuu kinahitaji mwaka mzima au zaidi, na hapo ndipo nataka ukae na kalamu mkononi. Rifampisini, mojawapo ya dawa zake, huliamsha ini livunje kotisoli haraka. Mgonjwa anayetumia dozi ya kawaida ya haidrokotisoni anaweza kuzimia wiki ya pili ya matibabu, watu wakidhani kifua kikuu kinamshinda, kumbe dozi yake inamalizika kabla ya wakati. Iongeze mapema, mara nyingi huhitaji kukaribia mara mbili. Levothairoksini nayo ikaguliwe. Vorikonazoli, dawa ya kwanza kwa Aspergillus, hufanya kinyume: hupunguza kasi ya ini, na steroidi kama prednisoloni hujikusanya.

Neno steroidi linanileta kwenye kosa ninalolihofia kuliko yote. Kuna uvimbe wa tezi usio wa vijidudu, hipofisitisi, unaotibiwa na wengine kwa steroidi za dozi kubwa. Kwenye picha hufanana mno na maambukizi. Dozi ya kurudishia kotisoli iliyokosekana ni haki ya mgonjwa hata akiwa na fangasi. Dozi kubwa ya kuzima uvimbe, kabla hujaondoa kifua kikuu na fangasi, inaweza kuwapa vijidudu uwanja mtupu, na Aspergillus humea ndani ya kuta za mishipa, huku mshipa mkubwa wa karotidi ukiwa milimita chache pembeni.

Jipu likipona, maumivu ya kichwa mara nyingi huisha na macho hurudi vizuri. Homoni mara nyingi hazirudi. Rudia picha baada ya miezi michache, kwa kuwa jipu linaweza kujirudia hata baada ya muda mrefu. Kabla mgonjwa hajatoka wodini, keti naye na ndugu anayekaa naye: akipata homa dozi ya haidrokotisoni inaongezwa mara mbili, akitapika na kushindwa kuimeza anachomwa sindano ya haidrokotisoni na kuletwa hospitali. Mwache ndugu huyo ashike bomba la sindano kwa mkono wake, afanye mazoezi mbele yako, mpaka aweze bila kuelekezwa. Mama yule binti yake alijifunza siku mbili. Miezi kadhaa baadaye mama alitapika usiku kucha, na binti alimchoma sindano nyumbani kabla ya safari ya kuja kwetu.