Kuona kwa pembeni ya jicho: majibu ya maswali yenu

*Mimi bodaboda wa Area C. Niko na simu kwa hedifoni, macho barabarani kabisa, mbuzi katokea kushoto, nashtuka kashafika kwenye tairi. Macho yangu mabovu?*

Hapana kaka, macho mazima, akili ndo ilikuwa kwenye simu. Mwaka 1999 kule Marekani Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu video ya vijana wanapasiana mpira, wakaambiwa wahesabu pasi, mara akapita mtu kavaa vazi la sokwe akajipigapiga kifua, na karibu nusu ya watazamaji hawakumuona, na huyo kapita katikati kabisa sasa fikiria mbuzi wa pembeni. Hedifoni inakuachia mikono, akili haikuachii. Nakuomba sana, simu ikiita paki kwanza.

*Nauza nyanya Majengo. Nahesabu chenji macho chini lakini mkono ukienda kwenye ndoo yangu nauona. Inakuwaje?*

Hili swali nimelipenda mno. Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani wa karne ya 19, alikaa gizani mbele yake kuna herufi nyingi, akakaza macho kwenye katundu kenye mwanga katikati, ila kimoyomoyo akategea upande mmoja, cheche ikawaka mara moja tu ikazima, na herufi alizozisoma ni za upande ule aliotegea wakati macho hayajasogea hata kidogo. Ndo unachofanya wewe dada, macho kwenye chenji, akili umeiacha kwenye ndoo. Ila angalia, sehemu inayoona vizuri kabisa ni ndogo, kama upana wa kidole gumba ukinyoosha mkono, pembeni unashtukia kitu kinachosogea lakini sura huipati vizuri, kwa hiyo geuka kwanza kabla hujamwita mtoto wa watu mwizi.

*Niko Kongwa, usiku nyota hafifu nikiikazia macho inapotea, nikitazama kando inarudi.*

Hapo ni jicho lenyewe mdogo wangu. Katikati kabisa hakuna zile seli za mwanga hafifu, zimejaa pembeni.

*Mama yangu siku hizi anagonga milango na watu wa pembeni, tunamwambia hayupo makini.*

Msimlaumu jamani. Presha ya macho inaweza kula uoni wa pembeni taratibu bila maumivu na mtu asijue, na kilichopotea hakirudi, ila dawa zinaweza kuokoa kilichobaki. Mpeleke kwenye kliniki ya macho wiki hii hii.