Kalenda ya Mvua na Kalenda ya Bajeti

Kwa miaka mingi nilikuwa afisa mazingira katika mojawapo ya halmashauri za Dar es Salaam, na katika miaka hiyo nilikaa kwenye warsha za mabadiliko ya tabianchi nisizoweza kuzihesabu. Hata hivyo, somo lililonikaa zaidi nililipata kando ya mtaro, asubuhi moja ya mwezi Machi. Wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa tumewalipa vijana wa kikundi cha mtaa wauzibue mtaro huo, nao walifanya kazi ya kweli: walitoa mchanga, chupa, viroba, hata godoro zima, wakavipanga ukingoni mpaka likawa tuta linalofika magotini, likisubiri gari la kuzolea. Fedha ya gari ilikuwa katika kifungu kingine cha bajeti, na kifungu hicho kilikuwa kimekauka. Mvua ya kwanza ya masika ikalisukuma tuta lote ndani ya mtaro lilikotoka, na maji yakaingia majumbani. Mama mmoja aliyekuwa na kikaango chake cha maandazi juu ya mfuniko wa zege alinitazama, akaniuliza bila hasira yoyote: "Bwana afya, kumbe mlitoa ili mrudishe?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, diwani au mtumishi mpya anaponiuliza halmashauri ianzie wapi katika suala la tabianchi, humwomba aweke mezani kalenda mbili, ya mvua na ya bajeti, azisome pamoja.

Dar es Salaam ina misimu miwili ya mvua, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika kuanzia Machi hadi Mei. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini makisio yake huandaliwa na kupitishwa na baraza la madiwani miezi kadhaa kabla. Kwa hiyo kalavati likibomolewa na maji mwezi Aprili, bajeti ya Julai inayofuata imekwisha kufungwa, na kalavati hilo litaingia katika makisio ya mwaka mwingine. Litapita vuli moja na masika mengine likiwa wazi, huku kila mvua ikilimega zaidi, mpaka kazi ya mifuko michache ya saruji igeuke kuwa mradi wa kutafutiwa mfadhili. Hakuna mtu aliyefanya uzembe hapo. Kila mmoja amefuata utaratibu, na nyumba zimejaa maji.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kifungu cha matengenezo ya mitaro kinachotokana na mapato ya ndani, kisichohamishwa kwenda kwenye matumizi mengine, hata kikiwa kidogo. Zabuni zake zitangazwe Julai, vikundi visaini mikataba kabla ya Septemba kwisha, na awamu ya pili ya kazi ifanyike Januari na Februari. Mkataba uwe mmoja kwa kuzibua, kuzoa na kusafirisha, na malipo yatoke kwa stakabadhi ya dampo, si kwa picha ya mtaro uliosafishwa. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kilichonunua guta la taka kwa mkopo huo, kikiwa na mkataba wa mwaka mzima mkononi, kitaweza kuurejesha. Nimeona mikopo mingi ikitolewa kwa vikundi visivyo na soko lolote, kisha tukashangaa kwa nini hairejeshwi.

Jambo la pili ni gumu zaidi, kwa sababu maji hayaijui mipaka ya utawala. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, mpakani mwa Dar es Salaam na mkoa wa Pwani, hupita katika maeneo ya halmashauri zaidi ya moja, huifikia Jangwani na kuingia Bahari ya Hindi karibu na daraja la Selander. Halmashauri ya chini inaweza kusafisha kila kalavati lake na bado ikafunikwa na mchanga uliotoka mahali ambako miti imekatwa na vibali vya ujenzi vimetolewa ovyo. Halmashauri ya Jiji ya zamani, iliyokuwa na kazi ya kuratibu halmashauri nyingine, ilivunjwa Februari 2021 na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji, hivyo kwa maoni yangu sekretarieti ya mkoa ndiyo inayopaswa kuziketisha halmashauri zote tano pamoja na jirani zao wa Pwani, kila mwaka kabla ya vuli, wakiwa na ramani moja ya bonde. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi mkubwa wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, na ni jambo jema, lakini mradi una mwisho wake na mchanga hauna.

Kuhusu kuwahamisha watu, nitasema machache. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40, Serikali ilizipatia familia za mabondeni viwanja Mabwepande, pembezoni mwa mji. Baadhi walirudi mjini, kwa kuwa aliyezoea kutembea kwa miguu hadi Kariakoo hawezi kuishi kwa kupanda magari mawili kwenda kutafuta riziki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Ni rahisi zaidi kuisimamia siku kibali cha ujenzi kinapoombwa kuliko siku tingatinga linapofika.

Taka nazo si suala la usafi peke yake. Taka za sokoni, yaani maganda, mboga na matunda, zikirundikwa dampo na kuoza bila hewa hutoa metheni, gesi inayopasha joto anga mara nyingi zaidi kuliko hewaukaa. Kinondoni, kwa kushirikiana na jiji la Hamburg, ilijenga kituo cha mboji huko Mabwepande. Anayetaka kuiga aanze na soko moja ambalo viongozi wake wamekubali kutenganisha taka mezani kwa muuzaji, maana chupa zikishachanganyika na mabaki ya nyanya, hakuna mashine itakayomsaidia.

Mwisho ni takwimu, ambazo watu hudhani lazima zitoke kwa mtaalamu mshauri. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaro na maeneo yanayofurika, na ulionyesha kwamba mjumbe wa shina anajua maji hufika wapi. Nami nilikuwa na njia yangu ya kienyeji. Mvua ikikatika, nilikwenda mtaani na futi kamba na kopo la rangi nyekundu, nikaomba ruhusa ya mwenye nyumba, nikachora mstari pale tope lilipoishia ukutani na kuandika tarehe. Wakati wa kuandaa makisio ulipofika, niliwapeleka madiwani wa kamati ya fedha kwenye ukuta huo kabla ya kikao. Mstari wa juu kabisa ulimfikia mwenyekiti wao kifuani.